Mafunzo Niliyopata Nikifuatilia Habari za Wasirikwa

Kuanzia Nakuru, ukipanda Molo hadi nyanda za Uasin Gishu, utakuta mashimo ya mviringo yaliyoota nyasi. Wazee wa Kikalenjin husema ni ya Wasirikwa, wafugaji waliokalia nchi hii kabla yao, kisha wakahamia kusini. Nilitaka kujua kila kipande cha simulizi hiyo kimetoka kwa nani.

1. Uliza aliyekusimulia alisikia wapi. Mzee mmoja alinieleza dola kubwa la Wasirikwa, lenye barabara na mifereji. "Mzee, hayo ulisimuliwa na babu?" La, alifundishwa shuleni. Nyuma ya somo lile nikamkuta G. W. B. Huntingford. Mwaka 1933, katika jarida la Antiquity, aliyakusanya mashimo, kuta za mawe, barabara na mifereji ya kale ya Kenya, akavipa vyote mwenyewe mmoja: ustaarabu wa Azania. Jina hilo linatoka katika Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu biashara ya pwani, ambacho hakisemi lolote juu ya Bonde la Ufa.

2. Tazama mwaka wa kitabu. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha The Nandi mwaka 1909. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, alikuwa ameuawa nao Oktoba 1905. Nakithamini sana kitabu hicho, ila kila ukurasa najiuliza mzee wa Kinandi angemficha nini afisa yule.

3. Nenda ukaone mahali penyewe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938, na ripoti yake ikayaita mashimo makao ya watu. Baadaye mwanaakiolojia mwingine, John Sutton, akaonyesha yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikijengwa ubavuni. Nilikwenda na mfugaji wa Kuresoi. Hakutazama shimo, alikwenda moja kwa moja kwenye tuta lililo karibu na mlango, upande wa mteremko, akapiga teke udongo. "Samadi walikuwa wanaitupa hapa." Ndivyo alivyoandika Sutton pia. Hata hivyo, habari ya watu walioishi mashimoni ingali inasimuliwa Nakuru.

4. Usiwatafute Wasirikwa kusini tu. Ziko koo za Kikalenjin na za Kimaasai zinazojihesabu uzao wao, na wazee wake bado hawajaulizwa vya kutosha.