Samehe Deni Ulilolihesabu

Mtu aliyedhulumiwa urithi na ndugu wa tumbo moja akipeleka kilio chake kanisani, mara nyingi huambiwa asamehe upesi, yaishe. Huitikia amina, kisha kila akipita karibu na lile shamba donge linamkaba kooni. Ametakiwa kufuta deni kabla hajaruhusiwa kulihesabu.

Yesu hakufundisha hivyo. Katika mfano wa Mathayo 18 tunakumbuka zaidi zile talanta 10,000 ambazo mfalme alizifuta. Lakini lipo deni la pili, dinari 100, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Siku 100 za jasho! Ukililinganisha na deni letu kwa Mungu ni dogo mno, ila ni deni, na Yesu alilitaja kwa kiasi chake. Nawe anzia hapo.

Kaa peke yako na karatasi, uandike ulichotendewa. Usiandike "alinikosea". Andika "aliuza ng'ombe wa mama wakati mama amelazwa". Ongeza na vilivyopotea pamoja na hicho: ada ya watoto, usingizi, heshima yako mbele ya wakwe. Kisha yasome hayo kwa sauti mbele za Mungu. Ukikosa maneno, iombe Zaburi ya 55, ambamo mwombaji analia kwamba aliyemsaliti si adui, ni rafiki waliyeandamana naye kwenda nyumbani mwa Mungu. Ni maombi makali, na wapo waumini wanaoyaogopa. Mimi naamini hasira ni afadhali imwagwe mbele za Mungu kuliko kwenye simu ya shangazi.

Maana uchungu hulishwa kwa kusimuliwa. Tafuta mtu mmoja mwenye kifua, awe mchungaji, padri au mama mkomavu wa jumuiya, umweleze yote, na wengine usiwape tena habari hiyo.

Sasa tamka msamaha, kosa moja baada ya jingine: "Bwana, kwa lile la ng'ombe, sitalipiza wala sitamtakia mabaya." Moyo unaweza kugoma. Corrie ten Boom, Mholanzi aliyefungwa kambi ya Ravensbrück kwa sababu familia yake iliwaficha Wayahudi, alimpoteza dada yake humo. Mwaka 1947, mjini Munich, aliyekuwa mlinzi wa kambi ile alimnyooshea mkono akiomba msamaha. Corrie alisimulia kwamba hakuwa na chembe ya upendo kwake. Alimwomba Yesu msaada, akautoa mkono wake kwanza, na upendo ukafuata. Kwa hiyo usingoje ujisikie vizuri. Mwombee aliyekuumiza jambo moja analolihitaji kweli, labda presha inayomsumbua au mwanawe anayekaribia mtihani. Uchungu ukirudi, na utarudi, usidhani msamaha wako ulikuwa wa uongo. Mwombee tena.

Ila kusamehe si kumkabidhi tena funguo. Yusufu aliwaonea ndugu zake huruma hata akajitenga akalia, lakini bado alimfunga mmoja wao, Simeoni, na baadaye akawapima aone kama wangemwacha mdogo wao Benyamini matatani. Alipojitambulisha, hakuficha kwamba wao ndio waliomuuza.

Vivyo hivyo, unachokiacha ni kisasi. Haki ya wajane na yatima si miongoni mwa unavyoviacha. Paulo, katika 1 Wakorintho 6, anataka waumini wapatanishwe na mwenye hekima miongoni mwao, basi anzeni na kikao cha ukoo pamoja na wazee wa kanisa. Kikishindikana, fungua shauri la mirathi mahakamani, useme kweli bila kutia chumvi. Na kama aliyekuumiza bado anakupiga, ondoka kwanza nyumbani humo, uende dawati la jinsia la polisi. Maombi ya msamaha utayaomba ukiwa salama.