Kutoka Lukuledi hadi Cape Town kwa pikipiki

Swali: Nina pikipiki ya cc 150. Nipitie Daraja la Umoja, Mtambaswala?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Daraja lile, lililofunguliwa 2010, linakuingiza Cabo Delgado, Msumbiji, na huko vita vimesumbua wenyeji tangu 2017. Shika Tunduru, Songea, Njombe mpaka Mbeya, kisha uvukie Kasumulu au Tunduma.

Kadi ya pikipiki iwe na jina lako. La mmiliki wa kwanza litakukwamisha mpakani. Kata bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambulika Malawi, Zambia na Zimbabwe. Usisahau cheti cha homa ya manjano.

Ninachokusihi zaidi ni spoku. Mzigo wa nyuma huzilegeza. Kila asubuhi zigonge moja moja kwa spana. Yenye mlio butu ikaze kabla hujawasha.