Kando ya Loire kwa miguu: vidokezo kwa msafiri asiye na haraka

Loire ndio mto mrefu kuliko yote nchini Ufaransa. Unaanzia milimani kusini, unakata zaidi ya kilomita 1,000, kisha unamwaga maji yake Atlantiki. Wageni wengi huujua kwa makasri ya wafalme: wanashuka basi, wanapiga picha, wanapanda tena. Anayetembea huona jambo kubwa kuliko makasri, yaani namna watu walivyokaa karne nyingi na mto usiokubali kufugwa. Pa kuanzia pazuri ni kati ya miji midogo ya Chinon na Saumur, pale mto Vienne unapoingia Loire. Ndani ya siku tatu hivi unapata malisho yanayofurika kila mwaka, misitu ya mialoni na vijiji vya mawe meupe, na vilima vyake havimshindi mtu wa kawaida.

1. Uulize mto kabla ya kufunga kamba za viatu

Loire hupokea mvua za Atlantiki wakati wa baridi, na vuli hupokea dhoruba za milima ya Cévennes, mamia ya kilomita kutoka hapo ulipo. Ndiyo maana maji yanaweza kupanda huku juu yako anga ni jeupe kabisa. Serikali ya Ufaransa ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo Vigicrues, inayoonyesha hali ya kila mto mkubwa kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Itazame asubuhi. Ikiwa si kijani, achana na njia za bondeni, pita za juu.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti mto hunywea, visiwa vya mchanga vinajitokeza na mandhari inapendeza, lakini juu ya matuta hakuna kivuli na jua la adhuhuri huko si la mzaha.

2. Fuata rangi zilizopakwa

Njia ndefu za Ufaransa huitwa GR, na alama yake ni mistari miwili midogo, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwenye miti, nguzo na kuta. Mstari wa manjano peke yake ni njia fupi ya kuzunguka na kurudi ulipoanzia. Ukiona alama ya X, umekosea njia, rudi nyuma. Mfumo huu una uhusiano wa pekee na mto huu: kipande cha kwanza kabisa cha GR kiliwekwa alama mwaka 1947 kando ya Loire, kati ya Orléans na Beaugency. Leo njia hiyo, GR 3, inaufuata mto tangu milimani hadi karibu na bahari, na inapita katika eneo hili.

Beba pia ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita moja ni mita 250. Inaonyesha hadi visima na vikanisa vya njiani. Simu huisha chaji.

3. Soma kuta

Kwa maoni yangu hiki ndicho kidokezo chenye uzito kuliko vyote. Katika vijiji vya kando ya mto, angalia kuta za nyumba, za makanisa na za gatini. Utakuta mistari iliyochongwa kwenye jiwe na mwaka pembeni: 1846, 1856, 1866. Hayo ni mafuriko makubwa matatu ya karne ya 19, na mstari ni kimo maji yalipofika. Simama karibu na ukuta ujipime. Mara nyingi mstari utakuwa juu ya kichwa chako.

Kisha tazama tuta refu la udongo na mawe linaloufuata mto upande wa kaskazini, ambalo sasa lina barabara juu yake. Watu walianza kujenga matuta ya namna hii Zama za Kati. Karibu mwaka 1160 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, ambaye pia alitawala eneo hili la Anjou, aliwapa upendeleo watu waliokubali kuhamia kwenye tuta: wasiende vitani, ila walitunze. Vizazi vilivyofuata viliyainua matuta na kuyarefusha, na mto ukazidi kubanwa. Mwaka 1856 tuta lilipasuka La Chapelle-sur-Loire, ng'ambo ya pili, na maji yakasomba nyumba. Ukishajua hayo, utaelewa mengine mwenyewe: kwa nini nyumba za kale bondeni zimejengwa juu ya vichuguu vya udongo, kwa nini zina ngazi ndefu mlangoni, na kwa nini ghala liko darini. Kila fundi pale alijenga akiukumbuka mto.

4. Lala Candes-Saint-Martin au Montsoreau, na usilale usiku mmoja tu

Vijiji hivi viwili viko umbali wa kutembea dakika chache, na vyote vimo katika orodha ya vijiji vizuri zaidi vya Ufaransa. Candes iko hasa penye makutano ya mito. Panda njia inayopita juu ya kanisa, utaona Vienne na Loire zikienda sambamba kidogo kabla ya kuungana, moja na rangi yake na nyingine na yake.

Martin, askofu wa Tours, alifia Candes mwaka 397. Masimulizi yaliyoandikwa karne mbili baadaye na Gregory wa Tours yanasema watu wa miji ya Poitiers na Tours waligombania maiti. Usiku, watu wa Poitiers walipopitiwa na usingizi, wa Tours waliupitisha mwili dirishani, wakaupakia mashuani na kupiga makasia hadi kwao. Kanisa lililopo sasa ni la karne ya 12 na 13. Karne ya 15 liliongezewa ngome, ndiyo maana linaonekana nusu nyumba ya ibada, nusu boma.

Montsoreau, kasri lake la karne ya 15 lilijengwa majini. Barabara inayopita mbele yake ni ya karne ya 19. Kabla ya hapo mawimbi yalipiga ukuta wenyewe. Simama ng'ambo ya barabara uliwazie hivyo.

5. Mchanga wa mto usiukanyage

Visiwa vile vyeupe vinavutia, lakini usivuke kuvifuata na usiogelee. Mkondo huchimba mashimo chini ya mchanga, na chini ya mguu palipoonekana pagumu pana maji. Tena kuanzia Aprili hadi Agosti ndege aina ya buabua hutaga mayai hapo hapo juu ya mchanga mtupu. Hatua moja ya mtu yatosha kuwakimbiza wazazi na kuyaacha mayai juani. Darubini ndogo itakupa kila kitu ukiwa ukingoni.

6. Msituni: kupe na bunduki

Vaa suruali ndefu, uingize miguu yake ndani ya soksi. Jioni jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti na kwapani, kwa sababu kupe wa Ulaya huweza kueneza ugonjwa wa Lyme. Maduka ya dawa, yenye alama ya msalaba wa kijani, huuza kijiti maalumu cha kumng'oa kupe bila kumponda.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Vaa kitu cha rangi kali, na ukikuta kibao kilichoandikwa "Chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, badili njia siku hiyo.

7. Chakula, maji na salamu

Mikate nunua asubuhi. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Maji? Nenda makaburini. Karibu kila makaburi ya kijiji Ufaransa yana bomba la kumwagilia maua, na watembeaji hujaza chupa hapo, isipokuwa penye maandishi "eau non potable", maana yake si maji ya kunywa. Ingia kwa adabu, kofia mkononi.

Na usimpite mtu bila kusema "bonjour". Dukani sema kabla ya kuuliza bei. Njiani sema hata kwa usiyemjua. Aliyelelewa kwa "shikamoo" na "hodi" hana haja ya kufundishwa hili, na ataona milango inavyofunguka.

8. Chungulia ndani ya mwamba

Kati ya Montsoreau na Saumur, katika vijiji vya Turquant na Souzay, genge la mawe laini ya chokaa limetobolewa tobo kwa tobo. Mawe yaliyochimbwa hapo ndiyo yaliyojenga makasri na makanisa ya bonde lote. Mashimo yaliyobaki yakawa nyumba, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Mengine yana watu hadi leo, kwa hiyo usichungulie penye pazia. Ukiwa juu ya genge usitoke njiani, kwani chini yako ni tupu. Turquant onja matofaa yaliyokaushwa na kupondwa kwa nyundo ya mti, kazi ya kale ya kijiji hicho.

9. Tenga nusu siku kwa Fontevraud

Ni kilomita tano hivi kutoka Montsoreau. Abasia hii ilianzishwa mwaka 1101, na kwa karne nyingi mkuu wake alikuwa mwanamke, akiwatawala watawa wa kike na wa kiume. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 hadi 1963 ilikuwa gereza. Ndani ya kanisa amelazwa, katika sanamu ya jiwe, yule Henry wa matuta. Alifia Chinon mwaka 1189. Pembeni yake yupo mkewe Eleanor, ameshika kitabu kilichofunguliwa, na mtoto wao Richard.

10. Gari huhitaji

Treni za mkoa kutoka Tours hufika Chinon, na nyingine hufika Saumur, kwa hiyo unaanza mji mmoja na kumalizia mwingine. Angalia ratiba ya Jumapili mapema, maana siku hiyo treni huwa chache. Hatari ikitokea njiani, piga 112 kutoka simu yoyote, bila malipo.