Dondoo muhimu: Soma kopo kabla ya kumeza

Ukinunua vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito, tazama kwanza orodha ya viambato. Ukiona mmea wa efedra, au ma huang kwa Kichina, virudishe. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliomeza efedra walipungua takriban kilo 0.9 tu kwa mwezi zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, huku uwezekano wa moyo kwenda mbio, kutapika na kuvurugika akili ukipanda mara mbili hadi tatu. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika virutubisho.

Wapo wanaosema Wachina wameitumia karne nyingi. Ni kweli, lakini kwa kikohozi na pumu, si kila siku pamoja na kafeini ili kukonda. Wengine hukimbilia vidonge vya danzi, lile chungwa chungu. Sinefrini iliyomo ni jamaa ya efedrini, kemikali iliyomo kwenye efedra, na ushahidi kwamba inapunguza uzito ni hafifu. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba asiviguse kabisa. Ukihisi kifua kinabana, acha mara moja, nenda hospitali, na kopo lenyewe ulibebe daktari alione.