Vua Vazi la Sauli, Usitoroke Vita

Somo: 1 Samweli 17:34–40

Leo nasema na kijana anayesomea kozi isiyomwingia, na mzazi anayelipa karo.

Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita. Yalikuwa mazuri, ya mfalme. Daudi akajaribu kutembea nayo, akaona hayamfai, akayavua. Tazama mambo matatu.

Kwanza, alijaribu kabla ya kuvua. Usiache kozi kwa sababu mtihani mmoja umekuangusha, ama mwalimu ni mkali. Jiulize: ni somo moja linanishinda, ama ni kazi yenyewe siitaki? Somo moja hurudiwa.

Pili, alimwambia Sauli. Kuna vijana wameacha darasa kimyakimya na mzazi bado anatuma karo. Huo ni uongo. Ongea nyumbani kwanza, halafu nenda ofisi ya masomo uulize habari ya kuahirisha ama kuhamia kozi nyingine. KUCCPS hupokea maombi ya uhamisho kwa muda maalum tu, kwa hivyo usilale. Na ukiacha chuo, mkopo wa HELB hauachi wewe. Utaulipa.

Tatu, hakubaki mikono mitupu. Alichukua kombeo, kitu alichokizoea kule malishoni, na tayari alikuwa ameshapambana na simba na dubu. Binti yangu alipotuambia, akiwa mwaka wa pili, kwamba uhasibu si wake, ng'ombe wawili walikuwa wameshauzwa. Mama yake alilia. Mimi nikamuuliza, "Kombeo lako liko wapi?" Akatuonyesha nguo alizoshona wakati wa likizo, na daftari la wateja waliomlipa. Tukamruhusu aende chuo cha ufundi. Na wale ng'ombe hawakupotea: hesabu alizosoma ndizo anazopangia bei leo.

Mzazi, usione haya mtoto akienda TVET. Digrii inataka C+, diploma C-, na kozi za ngazi ya chini kabisa hupokea gredi yoyote ya KCSE. Kila mtoto ana mlango.

Kazi ya wiki hii: kijana, andika kitu kimoja ambacho watu tayari wanakuitia. Mzazi, sikiliza mpaka amalize ndipo useme.

Mbarikiwe.