Buufis: Akili Ikisafiri na Mwili Ukabaki Ifo

Msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine, jaribu jambo moja. Funga macho kwa muda mfupi, ujione kesho asubuhi unatembea ufuoni kule Malindi: mchanga, mawimbi, jua la saa mbili. Bila shaka umeweza. Huenda hata umeiona rangi ya mashua. Je, picha hiyo imetoka wapi, ilhali kesho yenyewe haijafika?

Swali hilo laweza kuonekana la mchezo, lakini huko Ifo, karibu na mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa, limewanyima watu usingizi kwa zaidi ya miaka 30. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, wakati Wasomali walipokuwa wakikimbia vita kwao. Pamoja na kambi za Dagahaley na Hagadera, ilikusudiwa kuhifadhi watu 90,000. Wakati wa ukame wa mwaka 2011, eneo la Dadaab lilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Wako waliozaliwa hapo, wakaoa hapo, na sasa wanalea watoto hapo hapo. Wengi wao wanangoja jambo moja tu, nalo ni kupelekwa kuishi ng'ambo.

Kungoja huko kumepewa jina: buufis. Neno lenyewe limetokana na neno la Kisomali lenye maana ya kupuliza, kama mtu anavyojaza puto upepo. Mtafiti Cindy Horst, ambaye kitabu chake kuhusu wakimbizi wa Dadaab kilitoka mwaka 2006, alionyesha kuwa watu wa kambini hulitumia kwa tamaa yenyewe ya kuondoka, kwa mtu aliyeshikwa na tamaa hiyo, na pia kwa maradhi ya akili yanayoweza kumpata ndoto inapovunjika.

Huku mjini tumezoea kusema mtu wa namna hiyo ni mvivu, au ameingiwa na jini. Mimi naona tungeanza kwa kuutazama ubongo.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Kazi yake iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja mgonjwa wa kifafa, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji, sehemu kubwa ya viungo hivyo ikaondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake jioni. Kisha mwaka 2007 watafiti wa London waliwaomba wagonjwa wenye hipokampasi zilizoharibika wajione wamelala kwenye ufuo wa mchanga mweupe, karibu sawa na nilivyokuomba wewe. Wengi wao hawakuweza kuiunda picha hiyo. Walitoa vipande vipande visivyoshikamana. Yaani kiungo kinachotusaidia kukumbuka jana ndicho pia kinachotusaidia kuiona kesho.

Sasa mfikirie kijana wa Ifo. Jana yake ni foleni ya maji, vumbi jekundu na kadi ya chakula. Kesho yake inajengwa kwa simu za binamu aliye Minneapolis na picha zinazotumwa kwa simu ya mkononi. Ubongo wake unachukua vipande hivyo na kumjengea mji mzima, wenye theluji na gari na nyumba yenye bomba la maji. Kabla hajapanda ndege, tayari ameishi kule.

Hapo ndipo sehemu nyingine inapoingia. Chini kabisa katikati ya ubongo kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Katika majaribio maarufu ya miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake waliwazoesha nyani kupewa maji ya matunda baada ya ishara fulani. Baada ya muda, seli hizo zilisisimka ishara ilipotokea, wala si maji yalipofika. Na maji yalipokosekana, seli hizo zilinyamaza ghafula. Kumbe raha huanza kwenye matumaini, na kukosa ulichotarajia ni kuanguka, si kubaki pale pale. Mtu anayekwenda kutazama kama jina lake limetoka, akakuta halipo, harudi nyumbani kama alivyotoka.

Aidha, kuna suala la kutojua. Mwaka 2016 watafiti wa London walifanya jaribio na watu 45 ambao wangeweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Walioteseka zaidi kwa wasiwasi hawakuwa wale waliojua kwa hakika watapigwa, bali wale ambao nafasi yao ilikuwa nusu kwa nusu. Msomaji, Ifo imekuwa nusu kwa nusu kwa muda mrefu. Mwezi Mei 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa Dadaab itafungwa, na mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia jambo hilo. Januari hiyo ya 2017 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshafika Nairobi kungojea ndege wakarudishwa kambini. Januari 2025 mlango huo ukafungwa tena.

Wasiwasi wa miaka hauishii moyoni. Amigdala, kiungo mfano wa punje ya lozi kinachotutahadharisha na hatari, hukaa macho wakati wote. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ambao ndio hupanga mambo na kutuliza hofu, huchoka. Ndipo unapomwona mtu anakasirikia watoto bure, anasahau alichotumwa, hana hamu ya kujifunza kazi yoyote kwa kuwa "niko karibu kuondoka". Miraa, ambayo wengi huitafuna kupitisha saa, huongeza dopamini kwa muda na kisha huiba usingizi, nao ubongo huo wa mbele ndio unaouhitaji sana usingizi.

Si kila mwenye buufis ni mgonjwa, la hasha. Tamaa hiyo hiyo imewafanya wengi wasome Kiingereza usiku kwa tochi. Lakini ikiwa mtu ana huzuni kwa zaidi ya majuma mawili, hali wala halali, anajitenga, anasikia sauti wasizosikia wengine au anazungumza juu ya kufa, basi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kumfunga kamba au kumficha chumbani humwongezea hofu. Zipo dawa, na yapo mazungumzo ya ushauri yanayosaidia.

Nawe unayesoma haya ukiwa Eastleigh au Mombasa, pengine una ndugu Ifo. Ukimpigia simu jioni, usianze kwa kuuliza kama jina lake limetoka. Muulize mbuzi wamepata maji, mtoto amefika darasa la ngapi, na kesho asubuhi ana kazi gani ya kufanya.