ZINKI: KUPAKA RANGI BATI LA GARI PASIPO KUUMIZA WATOTO

Mama, unajua vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayehara, siku 10 mpaka 14. Madini hayo hayo hupakwa juu ya chuma cha gari kisishikwe na kutu. Katika nchi yetu yanachimbwa kule Kipushi. Kidonge kina kipimo chake, lakini moshi wa zinki hauna kipimo.

Hapa Kasongo na kule Kabambare, mara nyingi bati la gari hutengenezwa uani, karibu na jiko. Kama baba au kijana anataka kulipaka rangi, mwambie hivi:

1. Asiunguze rangi ya zamani kwa moto. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta, kiisha saa chache anatetemeka kwa baridi, anapata homa, kichwa kinamuuma, na mdomoni anasikia ladha ya chuma. Kwa kawaida inapita kwa siku moja ao mbili. Lakini inafanana sana na malaria. Usikisie nyumbani: aje apimwe damu, na amwambie muganga habari ya moshi.

2. Aoshe bati kwa maji na sabuni ili mafuta yatoke, kisha alisugue kwa msasa uliolowa maji. Zinki inateleza; isipokwaruzwa kidogo, rangi haishiki. Msasa mkavu unatoa vumbi, na rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto.

3. Asuuze, bati likauke kabisa. Apake kwanza rangi ya chini inayofaa zinki, ndipo rangi ya juu. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mwishowe hubambuka, na feza imepotea bure.

4. Petroli, esansi na asidi visiwekwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe, wala usimpe mafuta ya mawese. Mlete upesi, na chupa uilete.

Watoto wakae mbali mpaka kazi iishe na uwanja usafishwe kwa maji. Nguo za kazi uzifue peke yake, si pamoja na nguo za mtoto.

Maswali: Kwa nini tunatumia maji, si moto? Mtoto amekunywa petroli: utafanya nini?